Taji Dogo na Mguu wa Kushoto

Toyota GR Corolla ya gia za mkono ina pedeli tatu. Ya kulia ni ya mafuta, ya katikati ni breki, na ya kushoto, kipande cha chuma kilichovikwa mpira, kisichozidi kiganja cha mtoto, ni klachi. Kwa mtu aliyejifunzia udereva Mwanza au Eldoret habari hiyo haina uzito wowote. Ni sawa na kuambiwa kwamba jiko lina mafiga matatu. Lakini Plano, mji ulio kaskazini mwa Dallas ambako Toyota ya Amerika Kaskazini imeweka makao yake makuu tangu Julai 2017, klachi ni kitu cha kuonyeshana. Mwenye gari hufungua mlango, huinama kidogo, akanyoosha kidole sakafuni kama mtu anayeonyesha kisima cha mababu kilichofukuliwa uani. Vijana wa Texas huchungulia. Wengi wao wanaendesha tangu wana miaka kumi na sita na wamekwisha kuvuka majimbo, ila mguu wao wa kushoto haujafanya kazi ndani ya gari hata siku moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mguu huo umekaa miaka mingi humo ndani na jembe haujapewa.

Ukiifuata Corolla ya mwendo kasi tangu 1966 hadi leo, utakuwa unaufuata mguu huo, pamoja na mkono uliokuwa ukishirikiana nao. Nguvu ya injini imekua mara tano. Kazi ya dereva imepungua mwaka hadi mwaka, kidogo kidogo, mpaka pakatokea watu walio tayari kulipa ili warudishiwe kazi ambayo baba zao walishangilia kuondolewa.

Jina lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ni taji dogo. Wataalamu wa mimea hulitumia kwa mduara wa petali za ua, na mshairi wa pwani pengine angesema koja. Toyota ilipenda mataji. Crown ni taji, Corona ni taji, na Camry iliyokuja baadaye ilichukua jina lake kutoka neno la Kijapani lenye maana hiyo hiyo. Corolla ndiyo iliyovishwa taji la kitoto. Mhandisi aliyesimamia kuundwa kwake, Tatsuo Hasegawa, alikuwa amebuni ndege za kivita kabla Japani haijashindwa vita mwaka 1945 na kuzuiwa kuunda ndege, na aliingia kwenye magari akiwa na hesabu ya mtu anayejua kwamba kila gramu hubebwa na kitu fulani. Kanuni yake ilifanana na ya mwalimu mkali: gari lipate alama 80 katika kila somo, lisifeli popote, na katika masomo machache lipite 90. Mojawapo ya masomo hayo lilikuwa raha ya kuendesha. Corolla ya kwanza, yenye injini ya sentimita za ujazo 1,077 na nguvu farasi 60, ilitoka Oktoba 1966 ikiwa na gia nne na mkono wa gia uliotoka sakafuni, wakati ambapo Wajapani wengi walizoea gia tatu za kwenye nguzo ya usukani na kuiona gia ya sakafuni kuwa mambo ya malori. Kwa hiyo uanamichezo wa gari hili ulikuwamo tangu siku ya kwanza, na ulikaa mahali pa kawaida kabisa: kwenye kiganja cha dereva.

Marekani iliipokea mwaka 1968. Mwaka uliofuata Thomas Friedkin, rubani ambaye baba yake alianzisha shirika la ndege la Pacific Southwest, alifungua Houston kampuni ya Gulf States Toyota, ambayo hadi leo husambaza magari hayo katika majimbo matano: Texas, Oklahoma, Arkansas, Louisiana na Mississippi. (Dunia ni ndogo kuliko ramani inavyoonyesha: familia hiyo hiyo ya Friedkin imekuwa na shughuli za uhifadhi wa wanyamapori Tanzania tangu miaka ya 1990, hivyo kati ya duka la magari la Houston na tembo wa Tanzania kuna uzi ambao wanunuzi wachache sana wanaujua.) Kuuza kigari cha kilo mia saba na ushei katika jimbo la ng'ombe, visima vya mafuta na mapikapu kulihitaji imani. Barabara za Texas zilijengwa kwa ajili ya magari marefu kama mashua, yenye injini za silinda nane zilizokunywa petroli bila kuuliza bei. Kisha ikaja Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zikafunga bomba, na foleni za vituo vya mafuta zikazunguka mitaa. Houston, mji wa mafuta, ilitajirika kwa bei ile ile iliyowaumiza wenye magari. Na wenye magari walioumia wakaanza kukitazama kile kigari cha Kijapani kwa macho mengine.

Wakati huo Corolla ilikuwa imeanza kujipima misuli. Machi 1972 Japani ilipata Levin na Trueno za mwili wa TE27, magari madogo ya milango miwili yaliyopachikwa injini ya lita 1.6 yenye shafti mbili za kufungulia valvu, iliyokuwa imekusudiwa magari makubwa zaidi. Wamarekani hawakupewa injini hiyo. Walipewa SR5, mwili wa aina moja na injini ya unyenyekevu zaidi, pamoja na gia ya tano, na herufi zile mbili za mwanzo zilimaanisha michezo na mbio za rali. Si ahadi tupu: mwaka 1973, katika misitu ya Michigan, Walter Boyce kutoka Kanada alishinda rali ya Press-on-Regardless akiwa na Corolla, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Toyota katika mashindano ya dunia ya rali. Miaka miwili baadaye Hannu Mikkola alishinda rali ya Maziwa Elfu nyumbani kwake Ufini, akiwa pia na Corolla. Ulaya nzima ilikuwa na magari yenye majina makubwa kuliko hilo. Umdhaniaye ndiye, kumbe siye.

Katika miaka ya 1980 familia ikagawanyika, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Mwaka 1983 Toyota ilihamishia nguvu ya Corolla ya kawaida kwenye magurudumu ya mbele, kama dunia nzima ilivyokuwa ikifanya, kwa sababu mpangilio huo huacha nafasi zaidi kwa abiria na hugharimu kidogo kuunda. Lakini ndugu wa milango miwili, mwenye namba ya mwili AE86, aliachwa na magurudumu ya nyuma yakisukuma. Wajapani walimwita hachi-roku, yaani nane-sita. Injini yake, 4A-GE ya valvu 16, ilitoa nguvu farasi 112 tu katika toleo la GT-S lililouzwa Marekani kati ya 1985 na 1987. Kwa hesabu za Texas hizo ni nguvu za kuchekesha. Uzito wa gari ulikuwa kama tani moja, usukani ulikuwa mwepesi kuisoma barabara, na ekseli ya nyuma, chuma kimoja kizima kisichokuwa na ustaarabu, iliteleza kwa adabu pale dereva alipoitaka iteleze. Kumwendesha hachi-roku vizuri kulihitaji mwili mzima: kisigino cha kulia kikigusa mafuta huku vidole vya mguu huo huo vikikanyaga breki, mguu wa kushoto ukizamisha klachi, mkono ukirudisha gia, na sikio likipima mlio wa injini kama mpiga ngoma anavyosikiliza ngozi iliyowambwa karibu na moto. Gari lilikuwa halimsamehe mvivu wala halimuui mjinga kwa haraka. Ndiyo maana likawa shule. Mwaka 1995 mchoraji Shuichi Shigeno alianza kuchapisha hadithi ya katuni ya Initial D, juu ya kijana anayesambaza tofu milimani usiku kwa Trueno ya baba yake, na gari lililokuwa likiuzwa kwa bei ya vyuma chakavu likageuka kuwa kito.

Leo hachi-roku za Dallas na Houston hukaa gerejini chini ya mashuka, na sheria ya Marekani inayoruhusu gari la kigeni kuingia likitimiza miaka 25 imeleta nyingine kutoka Japani kwenyewe, usukani ukiwa kulia. Kwa Mtexas, kukaa upande huo ni kama kuvaa shati kinyumenyume. Mkono wa kulia hutafuta gia na kugonga mlango. Mtu wa Tanga au Kisumu akikaribishwa kwenye kiti hicho hukaa kama amefika kwao. Mkono wa kushoto huinuka wenyewe na kuikuta gia mahali ilipoachwa.

Maana Afrika Mashariki nayo ilikuwa na Corolla zake, na mapenzi yake hayakuhitaji katuni. Kenya ya miaka ya 1980 iliijua kwa herufi DX. Baadaye watu wakataja namba za mwili kama majina ya ukoo, wakisema 110 au NZE, na kila fundi wa Gikomba au Ilala akajua ni taa ipi na shokapu ipi inayotakiwa bila kuuliza zaidi. Katika nchi hizo Corolla haikugawanywa kuwa ya michezo na ya kazi. Ile ile iliyobeba maharusi Jumamosi ilibeba magunia ya vitunguu Jumatatu, na kwenye barabara ya vumbi kati ya miji miwili dereva aliishusha gia kabla ya kona, akaipa mafuta katikati yake, akaitoa mkia kidogo, huku abiria wakishikilia kiti cha mbele na kutaja majina ya Mungu. Hakuna aliyeuita huo mchezo. Ulikuwa ni kuwahi.

Kwenye soko la Marekani mambo yalipoa upesi. Mwaka 1987 kiwanda cha Fremont, California, ambacho Toyota ilikimiliki pamoja na General Motors, kilitoa hachibaki ya FX16 GT-S, ya kupendeza na ya pembe pembe kama sanduku la mchonga meza, nayo ikadumu misimu miwili. GT-S iliyofuata ilisukumwa na magurudumu ya mbele, ikafika nguvu farasi 130, ikatoweka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Japani iliendelea kuunda Levin na Trueno hadi mwaka 2000, zikiwa na valvu tano kwa kila silinda na sauti ya cherehani iliyopandwa wazimu, lakini Texas haikuziona. Corolla ya Houston ya miaka hiyo ilikuwa gari la nesi wa zamu ya usiku, la mwanafunzi na la bibi kizee mwenye kwenda kanisani. Rangi yake ilikuwa ile isiyokumbukwa kati ya fedha na mchanga, na injini yake ilikataa kufa. Mwaka 1997 ikaipiku Volkswagen Beetle na kuwa jina la gari lililouzwa zaidi duniani. Mtu anaweza kuona ajabu kwamba mwaka huo huo Toyota iliirudisha Corolla kwenye rali, lakini ndivyo familia nyingi zilivyo: mmoja anakaa nyumbani na kulipa ada za shule, mwingine anaimba barabarani.

Yule wa barabarani alikuwa Corolla WRC, hachibaki fupi ya Ulaya iliyotiwa injini ya lita mbili yenye tabo, ikizungusha magurudumu yote manne. Novemba 1998, katika siku ya mwisho ya rali ya Uingereza, Carlos Sainz alikuwa amebakiwa na mita mia chache tu kwenye hatua ya mwisho kabisa ili awe bingwa wa dunia, injini ikakatika. Picha za Sainz na msomaji ramani wake Luis Moya wakizunguka gari linalofuka moshi zimekaa katika kumbukumbu ya mchezo huo kuliko ushindi mwingi. Mwaka uliofuata, kwenye Safari Rally ya Kenya, Colin McRae alishinda kwa Ford, lakini nyuma yake walikuja Didier Auriol wa pili na Sainz wa tatu, wote kwa Corolla. Pembeni ya barabara za Bonde la Ufa walisimama watoto waliofika shuleni kwa Corolla ya mjomba, wakatazama nyingine ikipita hewani. Toyota ilichukua taji la watengenezaji la 1999, ikafunga milango ya rali na kwenda Formula 1.

Kisha ikaja Corolla ya XRS, na pengine ndiyo iliyosahaulika kwa dhuluma zaidi. Iliuzwa Marekani kwa modeli za 2005 na 2006, ya milango minne, yenye sura ya karani wa posta. Chini ya boneti ilikuwa na injini ya 2ZZ-GE ya lita 1.8, iliyoundwa kwa ushirikiano na Yamaha, ambayo toleo lake jingine liliwekwa kwenye Lotus Elise. Nguvu farasi 170, gia sita za mkono. Hadi mizunguko 6,000 kwa dakika haikuwa na jambo la kusimulia. Ikipita hapo, shafti ilihamia kwenye nundu ndefu zaidi, valvu zikafunguka kwa upana mpya, na karani akararua shati. Dereva asiyethubutu kufika huko angeweza kukaa na gari miaka mitano bila kujua alichonunua, na baadhi walifanya hivyo hasa, ndiyo maana bado hutokea XRS moja moja katika matangazo ya Fort Worth ikiuzwa na mwenyewe kwa bei ya Corolla nyingine yoyote. Jina la XRS lilirudi baadaye na injini ya lita 2.4, kubwa zaidi na isiyo na siri. Halafu ukimya. Bampa ziliongezwa mikunjo, herufi S ikabandikwa mlango wa buti, rimu zikapanuka. Mguu wa kushoto ulizidi kulala.

Aliyeuamsha ni mjukuu wa mwanzilishi wa kampuni. Akio Toyoda, aliyekuwa rais wa Toyota kuanzia 2009 hadi 2023, hushindana kwenye mbio kwa jina la utani la Morizo, na alifundwa udereva na Hiromu Naruse, fundi mkuu wa majaribio aliyefariki barabarani karibu na Nürburgring mwaka 2010 akiwa kazini. Chini yake kitengo cha Gazoo Racing, chenye herufi GR, kilirudi kwenye rali na kuzaa GR Yaris mwaka 2020, gari ambalo Marekani haikuuziwa. Mei 2021 Corolla yenye injini ya silinda tatu iliyorekebishwa ili ichome haidrojeni ilikimbia saa 24 kwenye uwanja wa Fuji, Morizo mwenyewe akiwa miongoni mwa madereva. Mwili wa Corolla na moyo wa Yaris vilikuwa vimekutana. Machi 31, 2022, kule Long Beach, California, GR Corolla ikazinduliwa, na bei ya toleo la msingi ikawa dola 35,900.

Injini yake ina sentimita za ujazo 1,618 na silinda tatu tu. Kwenye nchi ya silinda nane hilo hutamkwa kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu: tabo husukuma hewa ndani kwa nguvu, na kutoka katika ujazo usiozidi chupa moja kubwa ya soda hutoka nguvu farasi 300. Kati ya viti kuna kirungu cha kuzungusha kinachogawa nguvu hizo baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, sitini kwa arobaini, nusu kwa nusu, au thelathini kwa sabini. Pembeni yake kuna breki ya mkono, ya kuvuta kweli, ya chuma na waya, wakati ambapo magari mengi mapya yana kitufe cha kubonyeza kwa kidole kimoja. Nyuma, bomba tatu za moshi zimepangwa chini ya bampa kama mafiga. Ilianza kuundwa Motomachi, Japani, mahali ambapo gari husogezwa kituo hadi kituo mbele ya mafundi badala ya kuburutwa na mkanda usiosimama. Toleo la Morizo halina viti vya nyuma. Limeviacha ili lipunguze uzito, na Marekani ilitengewa magari 200 tu ya mwaka wa kwanza. Hasegawa, aliyeanza na familia ya watu watano ndani ya kilo mia saba, angelitazama kwa muda mrefu gari la watu wawili lenye uzito mara mbili ya lake.

Kuna kitufe kimoja kinachostahili kuangaliwa kwa karibu. Dereva wa hachi-roku alipoteremsha gia alipaswa kugusa mafuta kwa kisigino ili injini ilingane na magurudumu. Asipofanya hivyo gari lilitikisika na kumwaibisha. Kwenye GR Corolla kompyuta hufanya hilo kwa niaba yake ikiruhusiwa, na kitufe kipo cha kuiruhusu au kuizuia. Gari linalouzwa kwa sababu ya kazi ya dereva limewekewa pia msaidizi wa kumpunguzia kazi hiyo, na mnunuzi ndiye anayeamua atatumia jembe au atalitundika ukutani. Wengi huzima msaidizi wakiwa na rafiki kando, wakamwasha wakiwa peke yao kwenye foleni.

Na foleni ziko. Barabara ya Katy huko Houston hufikia njia 26 katika sehemu zake pana zaidi ukihesabu za pembeni, na bado jioni husimama kama ugali uliopoa. Dallas ina High Five, makutano ya ghorofa tano yaliyokamilika 2005, ambako magari hupita juu ya mengine kama sahani kwenye kabati, na klachi hukanyagwa mpaka goti liombe radhi. Kati ya miji hiyo miwili iko I-45, kilomita mia tatu themanini na kitu, karibu zote zimenyooka, na kando yake Huntsville amesimama Sam Houston wa saruji, mweupe, mwenye urefu wa mita 20, akiyatazama magari yasiyopinda. Hakuna mlima wa tofu Texas. Anayetaka kona huenda kuzinunua: uwanja wa MotorSport Ranch kule Cresson, kusini magharibi mwa Fort Worth, au ndugu yake wa Angleton upande wa Houston, au sehemu ya maegesho iliyopangwa koni za rangi ya chungwa Jumapili asubuhi, ambako mtu hukimbia dakika moja na kusubiri saa nzima zamu yake ifike.

Mbingu ya Texas haisomi beji. Mei 5, 1995, mvua ya mawe iliwakuta watu uwanjani kwenye tamasha la Mayfest huko Fort Worth, mawe makubwa kama machungwa, na zaidi ya watu mia moja walijeruhiwa. Tangu hapo, na hata kabla ya hapo, kila masika ya kaskazini mwa Texas hutanguliwa na wenye magari kutafuta paa. Baada ya dhoruba huja mafundi wa mabonde, watu wenye vyuma virefu vilivyopinda ncha, ambao huingiza chuma nyuma ya bati na kulisukuma polepole kutoka ndani, wakitazama mstari wa taa unavyonyooka juu ya rangi. Mwezi mmoja na siku kadhaa baada ya makao ya Plano kufunguliwa, Agosti 2017, kimbunga Harvey kilimwaga zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika maeneo ya Houston, na Corolla za bei nafuu zikazama bega kwa bega na magari ya kifahari, taa zikiwaka chini ya maji ya rangi ya chai ya maziwa hadi betri zikazimika.

Miongoni mwa waliozitoa matope Corolla hizo walikuwamo Waafrika Mashariki. Kiswahili husikika Arlington na Grand Prairie, hasa cha Kikenya; husikika Fort Worth na mtaa wa Vickery Meadow huko Dallas, ambako familia za Kongo na Burundi zimefikia; husikika kusini magharibi mwa Houston. Corolla iliyotumika ni gari la kwanza la wengi wao, la otomatiki bila shaka, na wiki ya kwanza mguu wa kushoto hufanya kichekesho kile kile kwa kila mmoja: unakanyaga klachi isiyokuwapo, unakutana na zulia, au vibaya zaidi unakutana na ukingo wa breki, na gari linasimama ghafla kwenye taa za kijani huku nyuma honi zikilia. Baada ya mwezi mguu hukubali kustaafu. Wapo wanaoendesha kwa Uber na Lyft saa kumi kwa siku na kushukuru kwamba goti halina la kufanya. Mtu aliyebadilisha gia mara elfu kati ya Ubungo na Kariakoo haoni ushairi katika klachi, anaona jasho. Ukimwonyesha kijana wa Plano aliyekopa benki ili apate pedeli ya tatu, atacheka kwanza, kisha ataomba ufunguo. Atatoka na gari bila mshtuko hata mmoja, gia ya kwanza hadi ya tatu kama siagi, na mwenye gari, anayejifunza kwa kutazama video, atanyamaza kwenye kiti cha abiria.

Modeli ya mwaka 2023 ndiyo iliyoondoa gia za mkono kwenye Corolla hachibaki ya kawaida Marekani, hivyo GR ikabaki Corolla pekee yenye klachi nchini humo. Kuanzia modeli ya 2025 nayo inapatikana na otomatiki ya gia nane, na nguvu yake ya kuvuta imepandishwa kwa matoleo yote hadi Nm 400. Mnunuzi wa Dallas au Houston huchagua rangi, huchagua viti, kisha huulizwa aina ya gia. Kwa modeli ya 2025, otomatiki iliongeza takriban dola 2,000 kwenye bei.